Dansi, Rumba, Taarabu, Bongo Fleva au Singeli: Muziki wa Dereva Aliye Peke Yake kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya

Safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya inazidi kilometa 800, na dereva anayeheshimu vibao vya 50 na matuta ya vijijini huimaliza kwa saa 12 hadi 14, ukihesabu na muda wa kula na kujinyoosha. Dereva wa lori linalokwenda Tunduma ana utingo pembeni yake, mtu wa kuongea naye, wa kumfungulia chupa ya maji, na wa kumwambia bila woga kwamba macho yake yameanza kufumba. Mwenye gari dogo anayesafiri peke yake hana mtu huyo. Ana redio ya gari tu, na kwa saa zote hizo muziki ndio unaoshika nafasi ya utingo, ama umsaidie ama umponze. Kwa sababu hiyo, katika ulinganisho huu ninaipima kila aina ya muziki kwa kazi inayoifanya garini, kwa kuwa muziki tunaoupenda ukumbini au sebuleni mara nyingine haufai kabisa kwa mtu aliyeshika usukani.

Vipimo vyangu ni vinne, na cha kwanza ni mapigo, kwa maana mguu wa kulia huufuata mdundo bila mwenyewe kujua. Mwaka 2001 mtafiti Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion nchini Israeli alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa mtambo wa kuigiza uendeshaji wa gari: kadiri mapigo ya muziki yalivyokuwa ya haraka, ndivyo madereva walivyoongeza mwendo, na ni katika muziki wa haraka ndipo walipopita taa nyekundu, walipotoka kwenye mstari wao na walipogonga mara nyingi zaidi. Mimi niliyaona hayo barabarani kabla sijayasoma. Ilikuwa kati ya Chalinze na Morogoro, asubuhi yenye ubaridi, barabara imenyooka mbele yangu na muziki wa kasi umefunguliwa, na nilipotupa jicho kwenye dashibodi mshale wa spidi ulikuwa umefika 120 ilhali ningeweza kuapa kwamba ninakwenda 90. Nilipunguza mwendo, na haukupita muda nikamwona askari mwenye tochi ya kupima mwendo amesimama kivulini chini ya mwembe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyahesabu mapigo ya wimbo kabla ya kuutia kwenye safari: unahesabu kwa sekunde 15 huku ukigonga meza kwa kidole, kisha unazidisha kwa nne. Wimbo unaokupa namba inayokaribia mapigo ya moyo wa mtu anayetembea taratibu unafaa, na kadiri unavyopanda juu ya hapo ndivyo unavyostahili kupewa muda mfupi zaidi.

Kipimo cha pili ni urefu wa wimbo. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, na dereva anayetazama simu kwa sekunde mbili ili aruke wimbo asioutaka huwa ameendesha zaidi ya mita 40 bila kuiona barabara, na katika mita hizo anaweza kutokea mtoto, mbuzi au baiskeli yenye magunia ya mkaa. Nyimbo ndefu zilizopangwa mapema huiacha mikono mahali pake. Cha tatu ni maneno, yaani kama wimbo unamsemesha msikilizaji na kumfikirisha, au unampigia mdundo tu. Cha nne, ambacho watu wengi hukisahau, ni usawa wa sauti: wimbo wenye sehemu za chini sana humezwa na mvumo wa matairi na upepo, dereva akaongeza sauti, kisha wimbo unaofuata ukaingia kwa kishindo na kumshtua.

Dansi na rumba

Ninaanza na hizi mbili kwa sababu ndizo ninazoziona kuwa msingi wa safari yote, na kwa sababu uamuzi kati yake ndio mgumu zaidi. Zinafanana kwa asili na kwa vyombo, gitaa la solo, la rithimu na la besi, ngoma, saksafoni na tarumbeta, na wanamuziki wengi wa Kongo walihamia Tanzania wakajiunga na bendi za hapa, hata ukisikia gitaa peke yake wakati mwingine huwezi kusema mara moja lilipigwa upande gani wa Ziwa Tanganyika. Lakini ndani ya gari zinatofautiana sana.

Wimbo wa dansi wa enzi za bendi ya Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 na kujulikana zaidi kwa jina la Sikinde, au wa Msondo Ngoma, ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, una sehemu mbili ambazo kila mpenzi wa muziki huo anazijua. Kwanza magitaa yanaingia kwa utulivu, waimbaji wanaeleza kisa kwa Kiswahili kilichonyooka, kisa cha ndoa iliyoharibika, rafiki aliyekopa akatoweka, mtoto aliyesahau wazazi kijijini, na kiitikio kinarudi mara mbili tatu ili kisa kikae kichwani. Kisha vyombo vya kupuliza vinajibu, besi inabadilika, na wimbo unaingia kwenye chemko. Hapo mwendo wa muziki unachangamka bila kuwa wa fujo, magitaa yanazungumza yenyewe kwa dakika tatu au nne, na dereva ambaye alikuwa ameanza kuzama katika mawazo anarudi barabarani. Kwa mtu aliye peke yake mgawanyo huo una manufaa makubwa kuliko unavyoonekana, kwani kila baada ya dakika chache muziki wenyewe hubadilisha hali ya garini, unamsimulia kisha unamwamsha, bila yeye kugusa kitu.

Kuna sababu nyingine, ya kiufundi. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 na 1980 zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na sauti za waimbaji zikawekwa mbele ya vyombo ili zisikike hata katika redio ndogo za mbao na betri. Rekodi hizo hazina besi nzito ya kutikisa milango. Mtu anayezisikiliza nyumbani kwa spika kubwa anaweza kuziona nyembamba, lakini ndani ya gari lenye mvumo wa lami, kioo kikiwa kimefunguliwa vidole viwili, kila neno linafika bila kuongeza sauti, na honi ya basi lililo nyuma inasikika pia.

Rumba ya Kongo, iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa maombi ya pamoja ya nchi zote mbili za Kongo, ina ubora mwingine. Nyimbo zake ni ndefu zaidi. TPOK Jazz ya Franco Luambo Makiadi, aliyefariki mwaka 1989, ilikuwa na nyimbo zinazopita dakika kumi kwa wingi, na nyimbo sita za namna hiyo zinamaliza saa nzima. Sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa hurudiarudia mzunguko mmoja huku yakipokezana, haina haraka na haina pupa. Kwa barabara iliyonyooka na isiyo na watu sijapata kusikia kinacholingana nayo, maana mwendo wa gari na mwendo wa gitaa hushikana, na dereva hubaki kwenye spidi ileile kwa kilometa nyingi.

Tatizo la rumba kwa wengi wetu ni lugha. Waimbaji wake huimba zaidi kwa Kilingala, na msikilizaji asiyekielewa anapata sauti tamu bila maneno ya kumshughulisha. Hilo ni faida penye magari mengi, kwa kuwa kisa hakimvuti mawazo, lakini ni hasara wakati wa uchovu, kwa kuwa mzunguko wa gitaa usio na maneno ya kufikiria hubembeleza. Mtu aliyekulia Kigoma, Bukavu au Lubumbashi akasikia Kilingala kama anavyosikia Kiswahili hana hasara hiyo, na kwake ningeitanguliza rumba bila kusita. Kwa sisi wengine ninasema dansi iwe chakula kikuu na rumba iwekwe kwenye vipande vilivyonyooka, saa za asubuhi au baada ya kupumzika, mwili ukiwa na nguvu. Pia tofautisha rumba ya polepole na muziki wa Kongo wa miaka ya 1990 na kuendelea, wenye mapigo ya haraka na watu wanaopiga kelele za kuhamasisha wachezaji, maana huo kwa kipimo cha mapigo unakaa karibu na muziki wa klabu, na mguu unaujua.

Inafaa kuongeza neno kuhusu Morogoro, kwa kuwa barabara hii inapita mlangoni pake. Mji huo ulitoa mafahari wawili wa dansi, Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na wote wawili walikufa kwa ajali za gari, Salum mwaka 1965 na Mbaraka mwezi Januari 1979 akiwa Kenya. Kila ninapopita Msamvu na kuiona milima ya Uluguru upande wa kushoto huwa ninawakumbuka, na huwa ninaangalia upya mkanda wangu.

Taarabu ya zamani na taarabu ya kisasa

Watu huzitaja kana kwamba ni muziki mmoja, lakini garini ni kama usiku na mchana. Taarabu asilia ya Zanzibar, ya vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, hupigwa kwa udi, kanuni, fidla, nai na dumbaki, huanza kwa vyombo vitupu kwa muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na shairi lake ni fumbo linalotaka kutafunwa. Huu ni muziki ninaouheshimu kuliko mwingine wowote katika makala haya. Hata hivyo, nai inaposhuka chini na udi ukabaki peke yake, gari linalokwenda 80 linaimeza sauti yote, na ukiongeza sauti ili uipate nai, fidla zote zikirudi pamoja zinakupasua masikio. Juu ya hilo, ule utamu wa polepole unaomfanya msikilizaji wa barazani aegemee mto ndio unaomlaza dereva. Niliwahi kuiweka saa nane mchana, tumbo limejaa wali, joto la bonde la Ruaha likiingia dirishani, na kabla wimbo haujamaliza utangulizi wake tairi la kushoto lilikuwa limekanyaga changarawe za ukingoni. Ngurumo ya changarawe chini ya gari ndiyo iliyoniamsha. Sikuirudia tena saa hiyo. Nafasi ya taarabu asilia katika safari ni pale uliposimama, gari limezimwa, unakunywa chai na kungojea miguu ichangamke.

Taarabu ya kisasa, ya kinanda na gitaa la besi, ya mipasho na majibizano, inafanya kazi tofauti kabisa, na katika jambo hili najua kwamba wapenzi wengi wa taarabu asilia hawatakubaliana nami. Nyimbo zake nyingi zinafika dakika kumi au kuzipita, mapigo yake ni ya wastani, sauti yake iko sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na maneno yake ni ugomvi. Ugomvi unamweka mtu macho. Mwimbaji anamsema hasimu wake kwa mafumbo ambayo hata dereva aliyechoka anataka kuyajua yanaelekea kwa nani, anacheka, anatikisa kichwa, anajibu kwa sauti akiwa peke yake garini. Kwa saa mbili zinazofuata chakula cha mchana, wakati mwili wa binadamu hupungua nguvu hata kama alilala vizuri, taarabu ya kisasa imenifaa kuliko dansi, na naipa nafasi ya kwanza kwa saa hizo.

Bongo Fleva na singeli

Bongo Fleva, iliyozaliwa mijini katika miaka ya 1990, ina nyimbo za dakika tatu hadi nne. Kwa safari ya saa 12 utahitaji karibu nyimbo 200 usipotaka kurudia, na wachache wetu wana nyimbo 200 wanazozipenda kwa dhati, kwa hiyo kinachotokea ni kwamba mkono unaifuata simu kila baada ya dakika chache kuruka hiki na kutafuta kile. Besi yake imetengenezwa kwa ajili ya klabu na spika za masikioni, na ndani ya gari huficha sauti ambazo dereva anazihitaji, kama vile tairi linaloanza kupoteza upepo au breki inayosaga. Pamoja na hayo, ina nguvu moja ambayo dansi haina kwa kizazi cha walio chini ya miaka 40: tunayajua maneno yake kwa moyo. Mtu anayeimba kwa sauti kubwa wimbo wa ujana wake anapumua vizuri, anakaa wima, na usingizi hauna pa kuingilia. Kwa hiyo naiweka kwa vipindi vya nusu saa, kila inapohitajika, nikiwa nimezipanga nyimbo za kuimbika na kuziacha zile za kuchezeka. Hip hop ya Kiswahili yenye visa, ambayo mara nyingi huwekwa kundi moja na Bongo Fleva, kwa kipimo cha maneno inastahili zaidi, kwa sababu inataka kufuatiliwa mstari kwa mstari kama hadithi.

Singeli ni fahari ya vitongoji vya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, na nashangilia kuona imevuka mipaka na kupigwa katika matamasha ya Ulaya. Lakini mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na kwa yote niliyosema juu ya mguu na mdundo, nasema wazi kwamba haifai kusikilizwa na mtu anayeendesha gari. Ifungue umesimama, fungua mlango, ruka ruka pembeni ya gari dakika tano damu izunguke, kisha izime.

Kwaya za injili na kaswida zina mashabiki wao, na kwa saa ya alfajiri ya kuondoka, mtu akiwa ametoka kuomba dua yake, sioni sababu ya kumshauri kitu kingine. Mapigo yake ni ya wastani na sauti nyingi zinazoimba pamoja huondoa upweke. Baada ya saa moja hivi nyimbo huanza kufanana, na hapo ni vizuri kubadilisha.

Redio, flashi au mtandao

Chombo unachotumia kinaamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Magari mengi yetu ni mitumba ya Japani, na redio zake zimetengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, yanayoanzia 76 na katika redio za zamani kuishia 90, wakati vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Redio ya namna hiyo isiyowekewa kifaa cha kubadili masafa inapata vituo viwili vitatu tu, na hata iliyowekewa hupoteza kituo kila unapotoka katika mji mmoja kuelekea mwingine. Redio ina faida moja isiyopatikana penginepo, nayo ni sauti ya mtu aliye hai anayezungumza saa ileile, akitoa taarifa ya habari au ya mvua. Ninaitumia kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, na tena ninapokaribia Iringa na Mbeya, na katikati ninaizima kabla ya mikwaruzo haijanichosha.

Kusikiliza moja kwa moja kwa mtandao ndiko kunakoshawishi zaidi, na ndiko kubaya zaidi kwa njia hii. Kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 160 kwa sekunde, muziki hula takriban megabaiti 72 kwa saa, yaani karibu gigabaiti moja kwa safari nzima, na hilo si ghali sana. Tatizo ni kwamba mtandao hulegea porini na mabondeni, wimbo ukakatika katikati ya chemko, na dereva akaishika simu kuangalia kumetokea nini. Anayependa programu hizo apakue nyimbo zote akiwa nyumbani.

Flashi inashinda. Yenye gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 130 za muziki wa ubora wa kilobiti 128, na kwa rekodi za zamani za dansi hutaona tofauti ukiongeza ubora zaidi ya hapo. Redio nyingi za magari husoma flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 pekee, kwa hiyo ijaribu garini siku mbili kabla, maana fundi wa kompyuta hapatikani saa kumi na moja alfajiri. Andika namba mwanzoni mwa majina ya mafolda, 01, 02, 03, kwa mpangilio wa barabara, na upitishe nyimbo zote kwenye programu ya kusawazisha sauti ili wimbo wa mwaka 1975 na wa mwaka jana viwe na nguvu moja.

Kuugawa muziki kwa vipande vya barabara

Kutoka Kimara hadi Kibaha na kuendelea hadi Chalinze kuna magari mengi, mabasi yanashindana na bodaboda zinakatiza, na hapo redio ya mazungumzo kwa sauti ya chini inatosha. Chalinze hadi Morogoro ni mahali pa dansi, kwa sababu barabara inashawishi mwendo na dansi inauzuia. Baada ya Morogoro unaingia Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilometa 50, mwendo una kikomo, kuna faini kwa atakayegonga mnyama, na tembo akitoka kwenye nyasi ndefu hatangoja wimbo uishe. Weka rumba ya polepole, ipunguze hadi uisikie kwa mbali, na shusha kioo. Nyani waliokaa barabarani huwa wa kwanza kukuonyesha kwamba mwendo wako si sahihi, kwa maana wakikimbia badala ya kutembea umekuja kwa kasi.

Baada ya mji mdogo wa Mikumi unashuka kwenye bonde la mibuyu na joto lake, ukipita Ruaha Mbuyuni na wauza vitunguu waliopanga mifuko yao kando ya lami. Hizi ndizo saa za taarabu ya kisasa. Halafu inakuja Kitonga, na katika Kitonga hakuna aina ya muziki ninayoipendekeza. Unapanda kwa kona zilizobana, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine, nyuma ya malori yanayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, huku mengine yakishuka kukukabili na breki zao zikitoa harufu unayoisikia kabla ya kuyaona. Dereva anahitaji kusikia injini yake kama inalemewa ili abadilishe gia, na anahitaji kusikia honi ya anayekuja nyuma ya kona. Zima redio chini ya mlima, kabla ya kona ya kwanza, wala usiiache ikiwa na sauti ndogo. Ukifika juu, kuelekea Ilula, utaona jinsi masikio yalivyopumzika, na wimbo wa kwanza utakaoufungua utakuwa mtamu kuliko yote ya siku hiyo. Mimi huuhifadhi wimbo ninaoupenda zaidi kwa ajili ya hapo.

Ukifika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, umemaliza takriban kilometa 500. Hapa lazima nizungumze juu ya kitu ambacho muziki hauwezi. Muziki unaahirisha usingizi kwa dakika chache na hauuondoi. Dalili ninayoitegemea ni hii: ukishtuka wimbo umekwisha na hukumbuki chemko ilianza lini, ujue kwamba kwa dakika hizo gari lilikuwa linajiendesha. Usiongeze sauti wala usibadilishe folda. Toka barabarani, ingia kituo cha mafuta penye watu, funga milango, laza kiti, lala dakika 15 hadi 20, na kama ukiamka bado kichwa ni kizito, tafuta chumba Iringa na uimalize safari kesho yake.

Aliyepumzika ataifurahia sehemu inayobaki. Kuelekea Mafinga hewa inapoa, misitu ya misonobari ya Sao Hill inaanza, na ukungu ukishuka mwanga unapungua kabla ya jioni. Bongo Fleva ya kuimba kwa sauti inafaa hapo, nusu saa, vioo vimefungwa. Kutoka Makambako, baada ya kuiacha njia ya Njombe na Songea, rumba inarudi kwa zile nyimbo zake za dakika kumi na zaidi, kupitia Igawa hadi Chimala, nyanda za Usangu zikiwa upande wa kulia na jua limekuelekea machoni. Kuanzia Uyole, mlangoni mwa Mbeya, bajaji na bodaboda zikijaa pande zote mbili na giza likiingia, ninaizima redio kwa mara ya pili na kuendesha nikisikiliza mji.